Nimemkubalia binti yangu, ila kwa sharti

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtoto akichagua somo la dini badala ya sayansi, mzazi amkubalie? Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu, na swali hilo limeshanikuta nyumbani. Binti yangu yuko Gredi ya 10. Kati ya njia tatu walizowekewa, yaani STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo, alishika ya pili: CRE (somo la dini ya Kikristo), Historia na Jiografia. Shangazi yake akauliza kama sasa anaenda kuwa sista.

Wengi hulichukulia CRE kuwa somo la kuokotea alama, na mchezo huo tuliucheza sana sisi wa mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4. Ukifika kidato cha tatu na Fizikia imekushinda, unakimbilia huko. Tulikariri kwa pointi: sababu saba za hili, mafunzo sita ya lile. Nilipata B+, na sidhani kama niliwahi kuwaza chochote darasani.

Isipokuwa siku moja. Tulikuwa kwa nabii Amosi, pale anapowakemea matajiri wa Israeli waliomuuza maskini kwa jozi ya viatu. Wiki hiyohiyo mwenzangu wa dawati alikuwa ametumwa nyumbani kutafuta karo. Nikanyoosha mkono, nikauliza Amosi angesema nini kuhusu shule yetu. Mwalimu akasema hilo haliko kwenye silabasi, akageukia ubao. Darasa likacheka. Rafiki yangu hakurudi muhula ule.

Kwa hiyo dini kama somo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na ule ukariri. Falsafa haina kipindi chake katika sekondari zetu, na maadili yenyewe, kwa silabasi ya zamani, yalirundikwa kidato cha nne: ndoa, kazi, mali na umaskini, sheria na haki, sayansi na mazingira. Mada moto kabisa, tukazipitia mbio mbio mtihani ukiwa mlangoni.

Na huku kwetu falsafa si mgeni. Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwafuata wazee vijijini akawahoji, akionyesha kwamba wako waliopima mila kwa akili zao wenyewe badala ya kuirithi tu. Mmoja wao alikuwa Paul Mbuya Akoko. Mwaka 1987 Oruka huyohuyo alitoa ushahidi kortini katika kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika kwao Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukashikilia arudi kuzikwa kwao Siaya. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga mwezi Mei, miezi mitano baada ya kufa.

Nilimsimulia binti yangu kesi hiyo tukiwa mezani. Akaniuliza: “Baba, kwani maiti ni ya nani?” Mimi nilinyamaza. Mama yake alikuwa na jibu, nami likanikera, tukabishana mpaka ugali ukapoa.

Kuhusu kazi, sitawadanganya: anayetaka udaktari asiiache Bayolojia wala Kemia kwa sababu ya makala haya. Wangu anataka uwakili, angalau mwaka huu.

Sharti langu lilikuwa moja, na halikumhusu yeye. Siku ya wazazi nilimtafuta mwalimu wake wa CRE. Alama sikuziuliza. Nilitaka kujua kama mtoto akiuliza jambo ambalo haliko kitabuni anaruhusiwa, au anaambiwa akae chini. Mwalimu akacheka.

“Huyo wako, mzee? Wiki jana ameniuliza maiti ni ya nani. Kipindi chote kiliishia hapo.”