Sindano ya adenosini: kwa nini wanakuuliza kuhusu kahawa na pumu

Mkuu, umeuliza kama ni kweli adenosini, dawa ya kutuliza moyo unaokwenda mbio, "inasimamisha moyo", na kwa nini daktari alikazana kujua kama unakunywa kahawa na kama una pumu. Mimi nimechomwa sindano hiyo mara mbili kwa siku moja, na hofu niliyoipata ndiyo iliyonifanya nisome habari zake kwa miaka kadhaa sasa.

Siku hiyo moyo ulikuwa unapiga mara 198 kwa dakika. Kwanza walinipa bomba tupu la sindano la mililita 10, nilipulize kwa nguvu sekunde 15, kisha wakanilaza ghafla na kuninyanyua miguu. Usiidharau hatua hii. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015, iliwarudisha kwenye mapigo ya kawaida wagonjwa 43 kati ya kila 100. Waliopuliza wakabaki wameegemea tu walikuwa 17. Kwangu haikufua dafu.

Ikaja miligramu 6. Wanatafuta mshipa mnene wa mkononi karibu na kiwiko, wanasukuma dawa mara moja, na hapo hapo maji ya chumvi yanaifuata kwa kasi. Wana sababu ya kuharakisha: chembe nyekundu za damu na kuta za mishipa huifyonza adenosini upesi mno, nusu yake inakwisha chini ya sekunde 10. Ikisuasua njiani haifiki moyoni. Nilingoja, hakuna kitu. Muuguzi akaniinamia: "Umekunywa kahawa leo?" Vikombe vitatu, nikamwambia. Akamtazama daktari, wakavuta miligramu 12.

Kifua kilibana kama nimekaliwa, uso ukawaka moto, na mwili mzima ukaniambia kwamba nakufa. Nakueleza wazi ili ikikupata usidhani mambo yameharibika, kwani ndivyo wengi wanavyoisikia. Mstari kwenye skrini ukanyooka sekunde tatu, nne. Kisha pigo moja. La pili. Muda si mrefu ikasomeka 84.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, ila kwa sekunde tu, na kwa makusudi. Kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo kuna kituo kimoja kinachopitisha umeme, nodi ya AV. Katika tatizo kama langu umeme hujizungusha kwa kupitia hapo. Adenosini hukifunga kituo kwa muda mfupi, mzunguko unakatika, moyo unaanza upya kwa utaratibu wake.

Sasa kahawa. Kuna wanaosema kwamba adenosini ni sumu, na hapo simuungi mkono hata kidogo. Unayo mwilini sasa hivi unaposoma. Seli ikitumia nishati yake, ATP, inabanduabandua fosfeti mpaka inabaki adenosini. Ikiongezeka, maana yake matumizi yamezidi mapato. Vipokezi vyake, yaani sehemu za seli inazojishikiza ili ifanye kazi, ni vinne: A1, A2A, A2B na A3, na kipokezi ndicho kinachoamua itafanya nini. A1 ndicho kilichofunga ile nodi yangu. A2A hutanua mishipa inayoulisha moyo. Kwenye ubongo adenosini huzidi kadiri unavyokaa macho, ndiyo inayokuletea usingizi. Kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa, huingia kwenye A1 na A2A ikakaa tu bila kufanya kazi, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Uchovu haujaondoka, umekosa pa kukaa. Na kwa watu wengi inachukua kama saa tano kafeini kupungua nusu, ndiyo maana vikombe vyangu vitatu vilikuwa bado kazini.

Pumu ni jambo zito zaidi. Adenosini inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu, wakati asiye na pumu haimsumbui sana. Tena dawa ya zamani ya pumu, theofilini, huzuia vipokezi vile vile kama kafeini. Dipiridamoli, dawa ya kuzuia damu isigande, hufanya kinyume: huzuia adenosini isifyonzwe, na dozi ya kawaida inageuka kubwa mno. Wataje dawa zako zote, hata kama hawajauliza.

Kinachonigusa kuliko vyote ni watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya cha kuivunja adenosini na ndugu yake wa karibu. Mabaki yanalundikana, yanaua chembe za kinga, mtoto anabaki bila ulinzi. Mwaka 1990, Marekani, msichana wa miaka minne mwenye ugonjwa huo alikuwa wa kwanza kupewa tiba ya jeni iliyoidhinishwa. Upande mwingine, wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, wana dawa ya istradefilini, inayoziba A2A. Japani iliipitisha 2013, Marekani 2019. Na uvimbe wa saratani hujizungushia adenosini ili chembe za kinga zipoe.

Jambo moja la mwisho mkuu: omba nakala ya karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, iliyochapwa sindano ilipokuwa inaingia. Kuna mapigo ambayo adenosini haiyatibu, ila katika zile sekunde chache huonekana asili yake. Daktari wangu wa moyo aliisoma yangu kwa rula, na hapo ndipo alipojua umeme wangu ulikuwa unapita wapi.