Mpwa wangu, siishi kwenye ile picha ya London

Mpwa wangu ametuma picha mbili kwenye kundi la ukoo. Ya kwanza ni London usiku, majumba marefu yakimetameta juu ya mto Thames. Ya pili ni Lamu ikitazamwa kutoka upande wa Manda: nyumba nyeupe zimejipanga ufukoni, mapaa ya makuti, minara ya misikiti, mashua zimefungwa gatini. Chini yake ameandika: "Mjomba, wewe waishi kwenye picha ya kwanza, kisha watukataza kuongeza ghorofa ya nne ya kupangisha wageni juu ya nyumba ya bibi. Au maendeleo ni ya huko peke yake?" Jamaa kadhaa wamemuunga mkono. Najibu hadharani kwa sababu vijana wengine wa Lamu, na hata wa Malindi, huniuliza jambo lilo hilo, na swali lenyewe ni la haki.

Kwanza, siishi kwenye ile picha. Majumba yale karibu yote ni maofisi. Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku katika mojawapo. Naingia kwa mlango wa nyuma, na alfajiri napanda basi kurudi pembezoni mwa mji, kwenye nyumba ya matofali ya ghorofa mbili ninamopanga chumba kimoja. Kodi ya chumba hicho hula karibu nusu ya mshahara. Zile taa mnazozipenda kwenye picha, saa nane za usiku huwa zimewashwa na watu wanaofagia na kupiga deki, wengi wao wahamiaji kama mimi. Matajiri wa jengo wamelala makwao. Nayasema haya ili mkipima London na Lamu mpime makao kwa makao, si makao kwa ofisi ya mtu mwingine.

Uzuri upo, siukatai. Ukisimama juu ya daraja la Waterloo Bridge, upande mmoja unaona Bunge, upande wa pili unaona kanisa la St Paul's na nyuma yake rundo la majumba ya vioo, na ng'ambo ya mto jengo la The Shard, lililokamilika mwaka 2012, limechongoka kupita mita 300. Ni mandhari ya kukufanya usimame. Lakini anayekaa hapa miaka mingi huona jambo ambalo picha haionyeshi: sura hiyo haitulii. Mwaka 1981 jumba refu kupita yote la eneo lile la mabenki lilikuwa linaloitwa sasa Tower 42, mita 183. Kisha mwaka 2004 likafunguliwa lile la mviringo ambalo watu wa hapa wameliita Gherkin, mita 180, likawa kama muhuri wa mji. Kila kadi ya posta ilikuwa nalo. Leo ukilitafuta kutoka upande wa magharibi hulioni. Limezingirwa na marefu kuliko lenyewe, na mwaka 2020 likakamilika 22 Bishopsgate, mita 278, pana kama ukuta. Jengo lililojulikana dunia nzima kwa umbo lake sasa linachungulia katikati ya mengine.

Hapo ndipo pana somo kwa mwenye kutaka kujenga juu ili apangishe kwa sababu ya mandhari. Anayepanga ghorofa ya juu hulipia dirisha linaloona mbali. Jirani naye akijenga juu zaidi, dirisha lile linatazama ukuta. Mandhari huuzwa na mwenye nyumba, lakini hayamo kwenye hati yake. Mkiongeza ghorofa ya nne ili wageni waone bahari, mwenye nyumba ya mbele ataongeza ya tano, na wala hamtakuwa na neno la kumwambia, kwa kuwa nyinyi ndio mlioanza.

Sasa nikueleze jambo ambalo wengi huko hawalijui. London yenyewe, pamoja na vioo vyake vyote, haikumwachia kila mtu ajenge apendavyo. Kanisa la St Paul's lina kimo cha mita 111 tu, na liliisha kujengwa miaka zaidi ya 300 iliyopita. Tangu miaka ya 1930 kuna masharti ya urefu kuzunguka kanisa hilo ili kuba lake lisifichwe. Kuna kilima katika bustani ya Richmond, kiasi cha kilomita 16 kutoka hapo, ambapo ukichungulia kwenye uwazi uliokatwa makusudi katika ua wa miti unaliona kuba la kanisa, na sheria inaulinda mstari huo wa macho mpaka leo. Jengo moja kwenye barabara ya Leadenhall, lenye mita 225, limejengwa upande mmoja umelala, kila ghorofa nyembamba kuliko ya chini yake, ili lisiliharibu kanisa kwa mtu anayetembea Fleet Street. Hebu fikiria, mwenye jengo amepoteza nafasi ya kukodisha huko juu, mahali penye bei kubwa kuliko pote, kwa ajili ya macho ya mpita njia. Mimi ni Mwislamu na lile ni kanisa, lakini kila nikiliona jengo lile lililolala nawaonea wivu kwa kulinda chao.

Paris walifika mbali zaidi. Walijenga mnara mmoja wa mita 210 huko Montparnasse mwaka 1973, watu wakauchukia, na mwaka 1977 mji ukaweka kikomo cha mita 37. Walikilegeza baadaye, na mwaka 2023 wakakirudisha. Majumba marefu hawakuyakosa: wameyapeleka La Défense, nje ya mpaka wa mji. Liverpool, hapa hapa Uingereza, walichagua njia nyingine. Bandari yao ya zamani iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2004, wakaendelea kuidhinisha miradi mikubwa ufukoni, na mwaka 2021 UNESCO ikawafuta. Mji wetu wa kale uliingia mwaka 2001. Hakuna aliyetuandikia kwamba sisi hatufutiki.

Kwa hiyo anayekwambia kujenga juu ndiko maendeleo, muulize mbona wenye maendeleo wamejiwekea mipaka.

Tena kujenga juu kwetu si jambo geni. Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, zimekuwa zikipanda tangu zamani: binti akiolewa huongezewa ghorofa juu ya wazazi wake, na nafasi ikikosekana hujengwa wikio kupita juu ya kichochoro mpaka ng'ambo. Ila wale mafundi walijua mipaka ya vifaa vyao. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene, unapumua. Juu kabisa huwekwa kitu chepesi, nguzo na makuti. Nyumba ya bibi imebeba hivyo miaka yote. Wewe wataka kuibebesha zege na vyuma vya ghorofa nzima, na ukuta wa chini haukuwekewa msingi wa mzigo huo. Nyufa zitaanza kwenye zidaka, yale mashubaka ya ukutani, maana hapo ukuta ni mwembamba, kisha zishuke.

Na kuna sitara. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na nashangaa hakuna mtu mzima kwenye kundi aliyelitaja. Mamako na shangazi zako hukaa kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, bila buibui, hupika, husukana nywele, na hakuna jicho la nje linalowaona. Mji mzima umejengwa hivyo, daka, yaani baraza la wageni, nje, njia ya kuingia ndani imepinda, madirisha hayakabiliani na ya jirani. Ghorofa ya nne ya wageni wa kulipa inatazama moja kwa moja ndani ya viwanda vya majirani wetu wa pande zote nne. Hapa London watu wamefikishana mpaka mahakama ya juu kabisa kwa sababu ya jengo moja la makumbusho lililokuwa na roshani ya kutazamia mji, watalii wakawa wanawachungulia watu ndani ya nyumba zao za vioo. Mwaka 2023 mahakama iliwapa haki wenye nyumba. Wazungu nao wanataka kusitiriwa. Jirani yetu ataliacha ua lake lichunguliwe na wageni wako kwa sababu gani? Tena utamzibia upepo. Kusi ikivuma ndiyo baridi yetu ya bure, na ukuta mrefu hauulizi upepo ni wa nani.

La moto nalitaja kwa ufupi kwa kuwa bado linanitia baridi. Mwaka 2017 jengo la Grenfell, ghorofa 24, liliungua usiku, wakafa watu 72, wengi wao wahamiaji na masikini. Moto ulianza kwenye friji ya jikoni moja, ukapanda kwa vibao vilivyobandikwa ukutani nje. Hapa magari ya zimamoto yalifika upesi, na watu bado walikufa. Kwetu kichochoro kinampitisha punda mmoja na shehena yake, na jirani zetu wameezeka makuti.

Najua haja yako ya nyumba ni ya kweli. Umeoa, mna mtoto, na chumba kimoja hakitoshi. Lakini bara iko karibu. Bandari imeshaanza Magogoni, gati la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, na watu wa kazi watahitaji pa kulala Mokowe na Hindi. Huko barabara ipo, gari la zimamoto linafika, na ghorofa nne hazimzibii mtu msikiti wala hewa. Kama Paris walivyofanya, majumba marefu yapelekwe kando na mji wa kale uachwe uonekane.

Basi msimamo wangu wa pesa ni huu. Kwa ghorofa ya nne sitoi hata shilingi, na sehemu yangu ya urithi siiweki saini kwa jambo hilo. Ukipata kiwanja Mokowe chenye hati safi, nitachangia, tuandikiane vizuri mbele ya mamako. Na kwa nyumba ya bibi, nitumie bei ya boriti, chokaa na makuti ya mwaka huu, na umwite fundi aliyezoea nyumba za mawe aukague ukuta wa upande wa kusini kabla ya masika. Usikubali ukuta upigwe lipu ya saruji; hufungia unyevu ndani na mawe huoza. Hizo za ukarabati nitazituma mwisho wa mwezi.