Malindi hadi Lamu na mzazi: msihesabu dakika za angani peke yake

Ndugu uliyeuliza ndege ya Malindi hadi Lamu ni dakika ngapi, na kama ni afadhali kumpandisha mama yako mwenye magoti mabovu kuliko basi: angani ni kama nusu saa. Kwa mstari ulionyooka hazizidi sana kilomita 140, ilhali kwa barabara ni kama 220. Mto Tana ndio sababu. Ndege hukata juu ya Ghuba ya Ungwana. Gari halina budi kuingia bara hadi karibu na Garsen, livuke mto, ndipo lishike njia ya Witu, Hindi na Mokowe.

Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, niliyeolewa Malindi, njia zote mbili nazijua. Lami siku hizi inafika Mokowe, na basi likienda vizuri ni saa nne au tano. Ila kuna vizuizi vya polisi. Abiria mnateremka, mnapanga foleni vitambulisho mkononi, basi linapekuliwa, mnapanda tena. Kwa mzee wa magoti, kuteremka na kupanda huko kunachosha kuliko mwendo wenyewe. Na msimu wa mvua piga simu kwanza: mwishoni mwa 2023 Tana ilifurika, barabara ikafunikwa na maji upande wa Gamba.

Kwa hiyo ndege, naam. Lakini mji wa Lamu uko kisiwani: ndege inatua kisiwa jirani cha Manda, na basi linaishia Mokowe, bara. Upite utakakopita, mama atapanda boti, na hapo ndipo penye kazi. Maji yakiwa yamejaa, boti inakaribiana na gati, anashikwa mkono, anaingia. Yakikupwa, boti iko chini kabisa, na vidato vya mwisho vya ngazi vina mwani unaoteleza. Hapo hata mimi navua viatu. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa asubuhi kwenye saa nne na kujaa jioni kwenye saa kumi. Mama yangu namkatia tiketi baada ya kuangalia mwezi; bei naitazama baadaye.

Kingine, ndege hizi mara nyingi hutoka Nairobi zikipitia Malindi. Zikichelewa huko, nanyi mnangoja, kwa hiyo mbebee mama chai na dawa zake. Mkalishe dirisha la kushoto aone Tana inavyomwaga maji yake ya udongo baharini pale Kipini. Mama yangu hulisubiri hilo safari nzima.

Mizigo kwenye ndege ndogo huwa ni kama kilo 15, maembe na magunia yatangulie na basi. Mkienda Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, kateni tiketi mapema sana.

Ukishapata tarehe iandike hapa, nitakutazamia maji.