Jaketi la chini ya kiti

SWALI: Shikamoo Mzee. Navua mtoni kwa ndoano mwaka wa kumi na mbili huu, na kuogelea nimejua tangu utotoni. Mtumbwini nina jaketi okozi, ila naliweka chini ya kiti kwa sababu likinikaa kifuani nashindwa kurusha mshipi. Mke wangu ameapa kwamba nisipolivaa hanipikii tena samaki hata mmoja. Mimi nasema mto wenyewe si mpana, na siku likihitajika nitalivaa. Tuamulie.
– Mvuvi wa Jumamosi

JIBU: Marahaba. Shemeji ameshinda, tena mapema.

Nami nilikuwa na jaketi la chini ya kiti. Siku hiyo nimetia nanga katikati ya mto, samaki mkubwa kanasa, nikasimama na kuinama na wavu wa mkono upande uleule anakovutia. Kuanguka kwenyewe sikumbuki. Nakumbuka nilipoibuka, mtumbwi umebaki palepale kwenye nanga yake na mimi ndiye ninayesafiri. Mkondo ulikuwa wa kawaida tu, mwendo wa mtu anayetembea, na mwendo huo ni mita moja na nusu hivi kwa sekunde. Hesabu mwenyewe: sekunde kumi, mita 15. Jaketi langu kavu kabisa, chini ya kiti.

Niliponea kwenye fungu la mchanga. Wiki iliyofuata nikaenda penye maji yaliyotulia, kina cha kifua, rafiki yangu akinitazama. Nikalitupa jaketi majini, nikaondoa miguu chini, nikajaribu kulivaa. Mkono mmoja ukiingia, jaketi linazunguka. Ukitafuta kifungo, uso unazama. Nilikunywa maji ya kutosha, rafiki akacheka hadi akakaa chini. Nawe jaribu hivyohivyo, na mtu wa kukutazama awepo.

Kuogelea unakokujua ni kwa kaptura, ukiwa umejiandaa. Ukianguka na suruali na viatu ni habari nyingine. Maji yakiwa baridi, dakika ya kwanza kifua kinavuta pumzi chenyewe bila idhini yako, na kama mdomo uko chini ya maji, umevuta maji. Na kichwa kikigonga ubavu wa mtumbwi, huo uogeleaji anaufanya nani?

Sasa hilo la kubanwa, hapo nakuelewa. Tazama namba iliyoandikwa kwenye jaketi. Newtoni 50 ni nguvu ya kuinua kilo tano hivi, na kwa kuwa majini mwili unakuwa mwepesi, inamtosha mtu mzima mwenye fahamu anayejua kuogelea. Lakini ukizimia, usitegemee likugeuze uso juu. La 100 lina nafasi zaidi ya kukugeuza, na la 150 zaidi ya hapo. Mrushaji kama wewe atapenda lile jembamba la kujaa gesi, linalopita mabegani kama mkanda wa begi. Kagua mtungi wake kabla ya kila safari uone umekazwa, uepushe na ncha za ndoano, na ulivae juu ya koti la mvua. Likijaa ndani ya koti litakukaba wewe mwenyewe. Usipolitaka hilo, tafuta la sponji lililokatwa fupi na wazi kwapani. Vaa, funga, kisha shemeji akuinue kwa mabega ya jaketi. Likifika masikioni, ni kubwa mno. Na kama hilo la zamani umeligeuza mto wa kukalia, sponji imeshabonyea, nguvu yake imepungua.

Ukianguka, lala chali, miguu itangulie kule maji yanakoelekea. Usijaribu kusimama mkondo ukiwa na nguvu, mguu utanasa kati ya mawe na maji yatakulaza. Mti ulioangukia mtoni uuogope kuliko mwamba. Ni chujio: maji yanapita, mtu anabaki.

SWALI: Nanga naifunga tezi, yaani nyuma ya mtumbwi, kwa sababu ndiko ninakokaa. Kuna ubaya?
– Msomaji wa kike, mvuvi pia

JIBU: Upo, mama, tena mkubwa. Tezi ni bapa, iko chini, na ndiko kuliko na injini na wewe mwenyewe. Mkondo ukivuta, maji yanaipanda na kuingia. Funga omo, yaani mbele, na kamba iwe ndefu, mara tano hadi saba ya kina. Kumbuka pia kwamba mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne, kwa hiyo mahali palipokuwa shwari asubuhi panaweza kukushinda baada ya mvua. Nanga ikikwama na mtumbwi ukaanza kuzamisha omo, usiihurumie, kata kamba. Kisu kikae kiunoni, si kwenye sanduku la ndoano.