Ninunue viungo vya tovuti?

SWALI: Shikamoo dada. Nina tovuti ya nyumba ya wageni hapa Pangani. Kijana mmoja ananiuzia viungo 500 (links) vya kuwaleta watu kwangu kutoka tovuti nyingine ili nipande kwenye Google. Ninunue?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue, nakusihi. Tangu Aprili 2012, Google ilipoleta Penguin, mfumo wake wa kunasa viungo vya hila, viungo vya kununua vinaweza kuizamisha tovuti au visiisaidie kitu. Nami niliwahi kuuziwa; nilikesha nikivifuta kimoja kimoja. Kuwaandikia wenye tovuti nyingine makala ili waweke kiungo chako kunafaa, ila kunachosha. Kilichonisaidia ni jedwali la maji kupwa na kujaa kwenye tovuti yangu, jipya kila mwezi: waongoza watalii waliliwekea viungo wenyewe, bila kuombwa. Wewe unacho kisiwa cha Maziwe, mchanga unaoibuka maji yakipwa! Andika saa za kwenda, kisha waombe wenye mashua waweke kiungo chako kwenye tovuti zao.