Maswali ya Wasomaji: Risasi 15 na jumba zima la zombi

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu gemu moja: Resident Evil, iliyotolewa na Capcom kwa PlayStation mwaka 1996. Wengi wa waandishi wameikuta juzijuzi tu, kwa diski za mtumba au kwenye kompyuta. Toleo la kompyuta wanalolitaja ni lile lililotengenezwa upya mwaka 2002 kwa GameCube, kisha likasafishwa picha mwaka 2015. Hapa chini tutayaita "la 1996" na "jipya", ingawa hilo jipya nalo lina mvi zake.

Bwana Mhariri, jambo. Nimenunua PlayStation 2 ya mtumba pale Birere pamoja na diski ya 1996. Gemu inawaka vizuri, lakini nikifika kwenye mashine ya kuandikia, ile ya kuhifadhi gemu, inaniambia hakuna kadi. Kadi ninayo, mpya, ya MB 8! Tena picha ni nyeusi na nyeupe. Nimedanganywa?
*Msomaji wa Katindo, Goma*

Hukudanganywa, ila kadi hiyo si ya diski yako. PS2 inasoma diski za PlayStation ya kwanza, lakini gemu za diski hizo haziioni kadi ya MB 8. Zinataka kadi ya zamani, ya KB 128, yenye nafasi 15. Kadi zote mbili zinaingia kwenye tundu lilelile, ndiyo maana watu wanakosea. Sokoni usiseme "kadi ya PlayStation" tu, utapewa ileile tena. Sema ya PS1, kisha mwombe muuzaji aichomeke na afungue menyu ya mashine ili muone pamoja ni ya aina gani kabla hujatoa pesa.

Picha isiyo na rangi ni dalili ya kitu kingine. Diski au mashine yako imetoka Marekani au Japani, ambako mfumo wa rangi ni NTSC, na tele yako inasubiri PAL. Ingia kwenye menyu ya tele, tafuta mfumo wa rangi, weka NTSC au otomatiki. Tele nyingi bapa zinakubali. Kama yako ni ya kizamani na inakataa, lakini ina tundu la peritel (SCART), tumia waya wa RGB na uchague RGB kwenye mpangilio wa PS2. Hapo kila rangi inapita kwenye waya wake, na habari ya PAL au NTSC haiharibu tena rangi.

Kabla ya yote hayo, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Kikisema V 100 au V 120 tu, usiichomeke ukutani bila transfoma. Umeme wetu wa V 220 utaiunguza. Kama imekaa siku kadhaa bila transfoma na bado ni nzima, basi huenda ni mashine ya Ulaya iliyofunguliwa ili isome diski za kila nchi.

Mtu wangu anatembea kama lori lililokwama. Nabonyeza kulia, anazunguka palepale badala ya kwenda kulia. Nikivuka chumba kamera inaruka upande mwingine, napotea. Maneti imekufa?
*Mwanafunzi wa Kadutu, Bukavu*

Maneti yako ni nzima. Katika toleo la 1996, mshale wa juu maana yake ni "mbele", yaani mbele ya mhusika, popote uso wake ulipoelekea. Kushoto na kulia ni kumgeuza tu. Ni kama kuongoza chukudu: unageuza usukani, halafu unasukuma.

Sababu iko kwenye mashine. PlayStation ilikuwa na MB 2 za kumbukumbu na MB 1 ya picha. Haikuweza kuchora chumba kilichojaa samani huku mtu akitembea ndani yake. Kwa hiyo vyumba ni picha zilizochorwa mapema, na juu yake wanatembea wahusika tu na vitu vichache. Mbinu hiyo Infogrames wa Ufaransa walikuwa wameshaitumia mwaka 1992 kwenye Alone in the Dark. Kila pembe ya kamera ni picha nyingine. Kama mshale ungefuata ekrani, kila picha ikibadilika ungegeuka bila kutaka na kurudi mdomoni mwa zombi. Kwa mpangilio huu, ukishikilia "mbele" utaendelea mbele hata kamera iruke mara tatu.

Fanya mazoezi dakika kumi kwenye ukumbi mkuu wa kuingilia, mwanzoni hakuna adui pale. Geuka kwanza, ndipo ushikilie kitufe cha mraba na mshale wa juu kukimbia. Kisha R1 kuinua silaha, X kupiga. Ukiinua silaha huwezi kutembea, na wageni wengi hufa hapo: wanaendelea kupiga wakati wangepaswa kuachia R1 na kuondoka.

Toleo jipya linakuruhusu kuchagua uongozi wa kisasa, unasukuma kijiti unakotaka kwenda. Anzia huko ukipenda, hakuna atakayekucheka.

Risasi zinaniishia kabla sijapata hata funguo mbili. Naua kila zombi ninayemwona. Nakosea wapi?
*Msomaji wa komini ya Kenya, Lubumbashi*

Umeshajijibu: unaua kila unayemwona. Bastola ina risasi 15, na zombi mmoja mara nyingi anakula sita, saba, hata zaidi. Magazini moja ni zombi wawili. Risasi zilizotawanywa jumbani ni za kuhesabu, na hiyo si bahati mbaya: waliotengeneza gemu chini ya Shinji Mikami walipanga iwe hivyo. Kila risasi ipige mahesabu kama pesa ya sokoni: je, korido hii nitapita mara ngapi? Kama ni mara moja, mkwepe. Kama ni njia ya kwenda kwenye sanduku la vitu, ambayo utapita mara kumi, hapo lipa.

Kumkwepa kuna ufundi wake. Jibanze karibu na ukuta mmoja, mwache aje kwako polepole mpaka abakize hatua mbili, halafu kimbia kwa kupinda upande wa pili. Ukikimbia katikati anakunyakua. Kwenye korido nyembamba hili halifanyi kazi, hapo piga. Mbwa usiwafukuzie kwa bastola. Ni wepesi kuliko mkono wako, endelea na mlango.

Angalia zombi wa kwanza kabisa, yule wa nyuma ya ukumbi wa chakula, aliyeinama juu ya maiti na kugeuza kichwa taratibu. Ukicheza na Jill (unachagua mhusika mwanzoni, yeye au Chris), usimpige. Rudi ulikotoka, ukumbini alipo mwenzake Barry. Zombi anakufuata, Barry anammaliza, na risasi zako 15 zote ziko mfukoni. Wengi hawajui hili kwa sababu woga umewaambia kupiga.

Ukishampiga, tazama sakafu. Katika la 1996 zombi aliyekufa kweli anatokwa na dimbwi la damu chini yake. Bila dimbwi, amelala tu. Usimkanyage.

Kuhusu majani ya dawa: la kijani linaponya kidogo, jekundu peke yake halina kazi, na la buluu linaondoa sumu. Changanya kijani na jekundu, unapona kabisa; vijani vitatu pamoja vinafanya vivyo hivyo. Mchanganyiko unachukua nafasi moja mfukoni badala ya mbili au tatu, kwa hiyo changanya hata kabla hujaumwa. Usile jani mstari wa moyo, ule unaoonyesha afya yako, ukiwa bado wa kijani.

Na vitu usivyovihitaji viweke sandukuni. Ulichoweka kwenye sanduku hili unakikuta kwenye sanduku lingine upande wa pili wa jumba. Hakuna maelezo ya hilo, ni uchawi wa gemu, wewe utumie tu.

Huku kwetu umeme unakatika bila hodi. Na tepe za wino ni chache. Nihifadhi lini?
*Msomaji wa Himbi, Goma*

Kila kuhifadhi kunakula utepe mmoja, na gemu haijihifadhi yenyewe, si ya 1996 wala jipya. Kwa mtu wa mji wenye umeme wa uhakika tungesema: hifadhi ukipata ufunguo mpya au silaha, basi. Kwako tunaongeza: hifadhi kila baada ya nusu saa ya kazi nzuri, na ukubali kwamba mwishoni unaweza kubaki na tepe mbili tu.

Hatari kubwa ni umeme kukatika kadi ikiwa inaandikwa. Faili lote linaweza kuharibika. Kwa hiyo usiandike juu ya faili moja siku zote. Badilisha, leo la kwanza, kesho la pili. UPS ndogo ya kushikilia mashine na tele kwa dakika tano inatosha kumaliza kuandika. Kompyuta ndogo yenye betri nzima ni bora zaidi. Mwenye diski yake na mashine yake anaweza kuinakili na kuicheza kwa programu ya bure ya DuckStation, ambayo inahifadhi hali ya gemu popote ulipo. Itumie umeme unaposumbua tu. Ukihifadhi kila mlango, woga wote umeisha, na gemu hii bila woga ni kazi ya kubeba funguo.

Nina toleo jipya kwenye kompyuta. Zombi niliyemuua jana leo ameamka, mwekundu, anakimbia! Ni hitilafu?
*Msomaji wa Ibanda, Bukavu*

Si hitilafu. Katika toleo jipya, maiti iliyoachwa na kichwa chake huamka baada ya muda, ikiwa na kucha na mbio. Kuna dawa mbili: kupasua kichwa, au kuichoma. Kwa kichwa, bunduki ya marisau ielekezwe juu zombi akiwa karibu kabisa. Kwa moto, unahitaji mafuta ya taa na briketi (kiberiti cha gesi). Kichupa kinatosha maiti mbili, kisha unakijaza tena kwenye madumu ya jumbani. Chris ana briketi yake daima; Jill lazima aibebe, kwa hiyo uchomaji unamla nafasi mbili. Choma waliolala kwenye njia kuu, wa pembeni waache. Ambaye hukumuua hawezi kufufuka.

Toleo hili, kwa njia, lina maandishi ya Kifaransa, na linataka karibu GB 20. Hesabu vifurushi vyako kwanza.

Gemu inaganda mlango ukifunguka, ekrani nyeusi na mlango tu.
*Msomaji wa Katuba, Lubumbashi*

Ule mlango unaofunguka polepole ni pazia: nyuma yake mashine inasoma chumba kinachofuata kutoka kwenye diski. Diski yenye mikwaruzo au mafuta ya vidole inakwamia hapo. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe si kwa kuzungusha. Ikiganda kwenye mlango uleule kila mara, ni diski. Ikiganda popote, ni jicho la mashine.

Mwanangu wa miaka kumi anaiomba.
*Mama wa Ndosho, Goma*

Hapana, Mama. Huko Marekani imepewa alama ya M, ya miaka 17 na zaidi, na kwa haki: kuna watu wanaoliwa.

Jill au Chris?
*Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi*

Jill. Ana nafasi nane, Chris sita. Ana kipini cha kufungulia kufuli ndogo, wakati Chris anahangaika na funguo ndogo zinazomjazia mfuko. Katika la 1996 Jill anaanza na bastola, Chris na kisu. Chris anavumilia kuumwa zaidi. Ukimrudia Chris baadaye, chunga bunduki ya marisau iliyotundikwa ukutani: ukiitoa, dari la chumba cha pili linashuka. Jill anaokolewa na Barry. Chris hana Barry, kwa hiyo kwanza atafute bunduki iliyovunjika, aitundike mahali pake, ndipo aondoke na nzima.