Faili la muhogo linakataliwa: anza na majina

SWALI: Natunza kumbukumbu za majaribio ya muhogo hapa Masindi. Tuna aina 30, marudio matatu, vitalu 90. Tumeandika vipimo vyote kwenye Excel, lakini hifadhidata ya Cassavabase inalikataa faili. Pia, kitalu ambacho mimea imekufa tukiandikie 0? Na je, wengine hawatachapisha matokeo yetu kabla yetu? — Msomaji, Masindi

JIBU: Ndugu msomaji, mara nyingi faili hukataliwa kwa sababu vipimo vimetangulia na majina hayajaingia. Mfumo unakwenda kwa mpangilio: kwanza majina ya aina, kisha ramani ya jaribio yenye jina la kila kitalu, mwisho vipimo. Jina la kitalu kwenye faili la vipimo lisipolingana herufi kwa herufi na lile la ramani, kipimo hakina pa kukaa. Hakikisha pia akaunti yenu imepewa ruhusa ya kupakia, maana akaunti ya kawaida ni ya kusoma tu.

Angalieni "NASE 14", aina ya muhogo ya Uganda. Mmoja anaandika "NASE14", mwingine "Nase 14", na wa tatu anaacha nafasi mwishoni ambayo jicho haliioni. Safisheni safu hiyo kwa fomula ya TRIM ya Excel, inayofuta nafasi za ziada, kisha tafuteni kila jina kwenye Cassavabase kabla ya kusajili jipya. Msisajili upesi tu ili faili lipite! Aina moja ikiwa na majina mawili, vipimo vyake vinagawanyika, na data za vinasaba zinabaki kwa jina moja. Anayekokotoa ubora wa mbegu kwa kutumia vinasaba atafundisha kompyuta yake uongo bila kujua.

Kuhusu 0: maana yake ni "nimepima, sikupata kitu". Kama nyani wameng'oa mihogo, acheni kisanduku wazi na mwandike sababu kwenye maelezo. Kama ugonjwa ndio uliomaliza mimea, andikeni idadi ya mimea iliyovunwa, ili utupu wa kitalu usidhaniwe kuwa uzembe wa mpimaji. Alama za magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia huanzia 1 hadi 5, na 1 ndiyo isiyo na dalili. Hapo 0 ni kosa moja kwa moja.

Kwa kiasi cha sehemu kavu ya mizizi (dry matter), hifadhini uzito wenyewe, si asilimia peke yake. Mizizi ikiwa na kilo 5.0 hewani na kilo 0.5 majini, gawanyeni 5.0 kwa tofauti yake, yaani 4.5, mpate 1.111, zidisheni kwa 158.3, toeni 142: ni kama asilimia 33.9. Mizani ikija kugundulika kuwa mbovu, mtaweza kurekebisha. Kila kipimo kipewe jina kamili la CO_334, orodha rasmi ya majina ya vipimo vya muhogo, siyo "uzito" tupu, kwani hatujui ni wa mche au wa kitalu.

Msimu ujao tumieni programu ya Field Book kwenye simu ya Android. Pakueni ramani kutoka Cassavabase, mkasome bakodi ya kitalu shambani, na hakuna jina litakaloandikwa kwa mkono.

Kuhusu kuchapisha, Cassavabase inafuata makubaliano ya Toronto ya 2009, yanayompa aliyezalisha data nafasi ya kwanza ya kuchapisha uchambuzi wake. Jazeni jina la mradi na la mhusika kwenye ukurasa wa jaribio, ili anayetaka kutumia data ajue wa kumwandikia.